Bunduki Isiyopenda Jua

Risasi ilitoka yenyewe. Marciana alisema hivyo palepale, moshi haujaisha, akarudia kwa kila mwenye masikio pale Lubehoni, na wote walimwangalia kama mtu anamwangalia mlevi anayedai pombe ilijimimina yenyewe mdomoni.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba siku ile alikuwa anafuata sheria. Alikuwa anatoka shamba, mchana, jua la mwezi wa saba halina huruma na mtu. Mahindi yameanza kukauka, tembo wa hifadhi wameshanusa, na yeye ndo mshika bunduki ya kijiji. Kwenye mafunzo ya mgambo Kilosa walimwambia hivi: ukikaribia watu, toa risasi zote. Mbele yake kulikuwa na mashine ya kusaga ya Mathias, na wanawake wamejipanga na ndoo zao za mahindi. Basi akasimama mbali, akaelekeza mtutu nyuma ya kibanda cha mashine, upande usio na mtu, akaanza kuzitoa. Unavuta koki, kile kipini cha chuma cha ubavuni, risasi inaruka. Unasukuma, unavuta tena. Ile ya kwanza ikaruka vizuri. Akasukuma.

Paaa!

Kidole hakikuwa hata jirani na triga. Mkono mzima ulikuwa umeshika koki.

Risasi ikatoboa lile pipa la maji linalopoza injini. Maji yakaanza kuruka kama mtu anakojoa, wanawake wakalala chini na unga wao, na jirani yake Agness akabaki amekumbatia ndoo anapiga kelele, "Nimekufa! Jamani, mimi nimekufa!"

"Hujakufa, Agness. Waliokufa hawapigi kelele," Marciana akamwambia.

Mathias akatoka ndani mweupe kwa unga mpaka kope. "Mama Neema! Umeua mashine yangu!" akamfokea Marciana.

"Sijaigusa triga! Imetoka yenyewe!"

"Yenyewe? Mimi niliyekuwa nakaa pale kwenye pipa kupumzika kila siku saa hizi, leo ndo nimeingia kuangalia mkanda, ungeniambia nini? Kwamba nimekufa mwenyewe?"

Marciana akachomoa magazini ya bunduki. Akaokota ile risasi iliyoruka, akaondoka na hasira zake, na nyuma yake alisikia mwanamke mmoja anasema, "Mwanamke na bunduki wapi na wapi."

Ebo! Mwanamke na bunduki wapi na wapi! Miaka miwili nyuma mbona hawakusema hivyo? Miaka miwili nyuma bunduki ile ilikuwa inaozea kwenye kabati la ofisi ya kijiji, imelala na mende. Mshika bunduki wa zamani alikuwa ameiacha, kama vijana wote walivyoacha jembe. Biashara ilishafunguliwa, kila mtu ruksa kuuza chochote, wanaume wakakimbilia barabara kuu Mikumi kuuza mitumba, soda, na betri. Nani akae porini kufukuza tembo bila malipo? Kikao kikaitishwa, mwenyekiti akauliza nani anajitolea, wanaume wakaangalia viatu vyao. Wengine hata viatu hawakuwa navyo, wakaangalia vidole.

Marciana ndo aliyesimama. Binti wa Budeba, aliyeingia Kilosa akiwa mdogo, anatembea kwa miguu nyuma ya ng'ombe wa baba yake kutoka huko Usukumani. Shule aliishia la saba. Mgambo alipelekwa kwa sababu kijiji kilitakiwa kutoa watu na baba yake alikuwa mgeni, hana wa kumtetea. Wakadhani wamemkomoa. Kule kwenye shabaha akawapita wanaume wote, na mkufunzi akamwambia, "We binti, kama ungekuwa mkorofi ningekuogopa." Mkorofi alikuwa, ila mkufunzi hakujua tu.

Ile bunduki yenyewe ilikuwa makifoo, bunduki ya Waingereza ya vita ile kubwa, nzito kama mchi. Mbao yake ilikuwa imepasuka mbele ya magazini. Mumewe, Shigela, akaichukua jioni moja akaitengeneza kama wanavyotengeneza mpini wa jembe uliopasuka. Alichuna mkia wa fahali, akaivalisha ile ngozi mbichi kwenye mbao kama soksi, akaishona kwa mshipa, akaiacha ikauke. Ikakamata kama imeota pale. Kijiji kizima kilikuja kuangalia. Mzee Kondo, mwenyekiti, aliipapasa akasema, "Huyu Msukuma ana mikono." Tangu siku hiyo watu wakawa wanamletea Shigela mipini ya mashoka, miguu ya viti, mpaka rungu la polisi mmoja wa Zombo.

Na Marciana akaanza kazi. Tembo walijifunza mlio wake. Mwaka ule watu wa Lubehoni walivuna, wakala, wakauza. Hakuna aliyeuliza habari za mwanamke.

Sasa kikao kiliitishwa palepale ofisini, na mtu wa kwanza kusimama alikuwa Kasiani, shemeji yake mwenyekiti. Shati la mtumba lina maua, miwani ya jua imekaa kichwani.

"Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi," alisema, na akaongea sana. "Bunduki ni chuma. Chuma hakina akili. Bunduki haijafyatuka tangu vita ya Wajerumani bila mtu kuifyatua, leo ije ifyatuke yenyewe hapa Lubehoni? Tuwe wakweli. Kidole cha mwanamke ni chepesi. Si kosa lake, ndo alivyoumbwa. Mimi nipo tayari kujitolea."

"Kujitolea!" Marciana akasimama. "We Kasiani? Tembo walipokula shamba la mama yako ulikuwa wapi? Ulikuwa Mikumi unauza kaseti!"

"Sa hivi nimerudi kujenga kijiji."

"Umerudi kwa sababu madereva wa malori wananunua nyama ya porini! Unataka bunduki uue swala, tembo wamalize mahindi yetu, na sisi tukanunue unga kwako!"

Watu wakacheka. Kasiani hakucheka.

"Mwenyekiti, umesikia ninavyotukanwa? Mtu mwenye hasira hivi ndo tumpe bunduki?"

Mzee Kondo aligonga meza. Hakuwa mzee mbaya. Ubaya wake ulikuwa mmoja: alikuwa anapenda kulala usingizi wake, na mkewe alikuwa dada yake Kasiani.

"Mama Neema, kaa. Kasiani, kaa. Mtu angekufa, hilo halina ubishi. Sasa we unasema nini?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

"Nasema bunduki ni mbovu. Nipe ruhusa niipeleke kwa fundi Mikumi. Zuia risasi zote, baki nazo. Jumamosi tukae hapahapa. Kama itaonekana bunduki ni nzima na kosa ni kidole changu, nitampa Kasiani kwa mikono yangu."

"Na ikionekana mbovu?"

"Basi mniombe radhi. Wote. Kwa sauti."

Mzee Kondo akaandika kibali, akazifungia risasi kwenye kabati, akafunga kikao. Kasiani akamsindikiza Marciana mlangoni kwa macho, anatabasamu kama ameshaivaa ile bunduki begani.

Kesho yake Marciana akadandia lori la mkaa, bunduki ameivingirisha kwenye gunia na kibali mfukoni. Mikumi ilikuwa imebadilika kila alipofika. Vibanda vipya, redio zinapigana kelele, malori ya Zambia yamepanga foleni, na kila kijana ana kitu mkononi anakuchomekea usoni. Fundi Lupakisyo alikuwa na gereji nyuma ya hoteli ya chipsi. Mnyakyusa mnene, mcheshi, anayejipenda kuliko mke anavyoweza kumpenda.

"Dada, mimi nimeshusha injini za malori yanayokwenda Lusaka. Itanishinda fimbo hii?"

"Sijakuuliza habari za Lusaka. Hii inafyatuka yenyewe ukiirudisha koki."

"Basi springi. Huo ugonjwa ni wa springi."

"Hujaifungua umeshajua?"

"Dada, daktari anamjua mgonjwa kwa kumwangalia macho."

Akaifungua. Uchafu uliotoka mle ndani ulimfanya apige mluzi. Akachukua karai la maji ya sabuni, akaitumbukiza yote, chuma na mbao, akaisugua kwa brashi ya kufulia na kuiacha ilowe wakati anakula ubwabwa wake. Akarudi, akaikausha kwa tambara, akatafuta springi kwenye kopo lake la makorokoro, akaikata, akaivalisha. Akairudisha koki. Ikashika. Akaipiga kitako chini, ikashika. Akampa Marciana, naye akaisukuma koki kwa nguvu zake zote, kwa hasira yote aliyonayo na Kasiani na shati lake la maua. Ikashika. Akavuta triga, ndo ikagonga.

"Ndo mimi huyo," Lupakisyo akasema. "Ukifika huko waambie."

Marciana akamshukuru kabisa kutoka moyoni, jambo ambalo baadaye lilimuuma kama jipu. Akarudi Lubehoni anaimba. Asubuhi yake, umande bado umelala kwenye majani, akaijaribu tena uani mbele ya Agness. Inashika. Agness akasema, "Kesho Kasiani atameza miwani."

Ijumaa hiyohiyo mchana akaenda nayo shamba, tupu, bila risasi, kuzoea tu uzito. Akaiegemeza kwenye kisiki juani, akapalilia mihogo. Alipomaliza akaichukua, akavuta koki, akasukuma.

Ta!

Akasimama. Akavuta tena, akasukuma polepole kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ta!

Kidole kipo juu. Hakuna aliyegusa chochote. Kile kinyundo cha nyuma kilikuwa hakishiki kabisa, kinateleza na koki mpaka mbele, na kama kungekuwa na risasi ndani angekuwa ameshatoboa kitu kingine.

Sasa ile hasira iliyompanda, we acha tu. Alimtukana Lupakisyo na ukoo wake mpaka Tukuyu. Akamtukana Mwingereza aliyeitengeneza. Akamtukana Kasiani, akamtukana mwenyekiti, akajitukana mwenyewe kwa kusimama kwenye kile kikao wakati wanaume wanaangalia vidole. Akaishika makifoo kwa mtutu kama shoka, akaizungusha, akaitupa kwa nguvu zake zote. Ikaruka juu ya mihogo ikaangukia kwenye mfereji wa maji. Pwata!

"Laleni huko! Wewe na wenye kijiji wenu!"

Akakaa chini akalia. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alilia vile mtu anavyolia akiwa amekosa wa kumpiga. Alipomaliza jua lilikuwa limeshainama. Akakumbuka kuwa kupoteza bunduki ya serikali ni jela, akaingia mfereji mpaka magotini, akaivua kama kambare. Akaitikisa maji yakatoka. Na kwa ule ubishi wake tu, akavuta koki akasukuma.

Ikashika.

Akasukuma tena. Ikashika. Akaipiga kwenye goti lake. Ikashika. Vizuri kabisa, kama pale kwa Lupakisyo kwenye karai.

"Unanichezea?" akaiuliza. "Unanichezea mimi?"

Lakini hapo kichwa kikaanza kufanya kazi. Kwenye karai ililowa, ikapona. Asubuhi kuna umande, nzima. Miaka miwili ya kufukuza tembo usiku, nzima. Mchana juani, mgonjwa. Mfereji, nzima. Chuma hakijui jua wala mvua, chuma ni chuma tu, Kasiani mwenyewe kasema. Sasa kwenye bunduki ni kitu gani kinachojua jua?

Baba yake Budeba alikuwa mpiga ngoma. Hata huku ugenini, msimu wa mavuno alicheza, na kabla ya kucheza ngoma zilipelekwa kwenye moto, maana ngozi ikipata unyevu inalegea, sauti inakuwa ya kikohozi. Unaisogeza motoni, inajikaza, inakaza, mpaka ukiigonga inalia. Kila mtoto wa Kisukuma anajua hilo.

Marciana akaangalia ile ngozi ya mkia wa fahali. Kisha akakusanya majani makavu na vijiti, akawasha moto palepale kando ya mfereji. Akaishikilia bunduki juu ya joto, mbali kidogo, anaigeuzageuza kama muhogo. Ngozi ikaanza kutoa mvuke. Akaiona kwa macho yake: ile soksi ilijikunja, ikabana, na kile chuma cha chini kinachokinga kidole, ambacho ncha yake inaanzia mle ndani ya ngozi, kikasogea juu, kidogo kama unene wa ukucha. Triga yenyewe imening'inia kwenye chuma hicho. Chuma kikipanda, nayo inapanda, inalisukuma lile jino linaloshika kinyundo. Jino linabaki limeshika kwa ncha tu. Ukirudisha koki, linaachia.

Akasukuma koki. Ta!

Akachota maji kwa viganja, akaimwagia ngozi, akangoja mpaka ilegee. Akasukuma. Ikashika.

"Hii si bunduki," akasema peke yake. "Hii ni ngoma."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, maana alikumbuka nani aliivalisha ile ngozi.

Shigela alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, katikati ya mipini ya watu, anashona ngozi kwenye shoka la mtu wa Lumuma aliyesikia sifa zake mpaka huko. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, mkono na sindano vikiwa vimesimama hewani.

"Kwa hiyo mkono wangu mimi ndo ulitaka kumuua Mathias."

"Sijasema mkono. Nimesema ngozi."

"Ngozi ilitembea yenyewe ikajivalisha?"

"Baba Neema, usianze."

"Nyumba hii mpini wa shoka haujawahi kuvunjika nikiushona! Hata mmoja!"

"Shoka halina triga!"

Shigela akatupa lile shoka chini. Kuku wakakimbia.

"Ng'wana Budeba, sikiliza. Ikate. Ikate hapahapa, tuitupe kwa mbwa. Kesho useme fundi wa Mikumi ndo ameiponyesha. Imeisha."

"Haijaisha! Nikienda na bunduki nzima, watasema ilikuwa nzima siku zote! Kosa ni kidole changu! Nitakuwa nimempa Kasiani mwenyewe!"

"Na ukienda nayo hivi, kosa ni langu. Wataniita nani? Watu wananiletea kazi kutoka Lumuma!"

"Kwa hiyo mimi niitwe muuaji ili wewe uitwe fundi?"

Shigela akaliokota lile shoka. Akaingia ndani. Chakula cha jioni hakuna aliyemwita mwenzie, na mtoto wao Neema alikula baina ya wazazi wawili waliokuwa wanaangalia kuta.

Jumamosi watu walijaa kuliko siku ya kampeni. Marciana alichelewa kwa makusudi mpaka jua likawa utosini, akaja na bunduki aliyoilaza juu ya bati asubuhi nzima, na ndoo ya maji kichwani. Shigela alikuwa ameshafika. Alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, uso umefunga.

"Fundi amesemaje?" Mzee Kondo akauliza.

"Fundi amesema springi, mzee. Amedanganya. Naomba Kasiani aje mbele."

Kasiani akaja kwa madaha, akashusha miwani machoni. Marciana akamfungulia chemba, akawaonyesha watu wote kwamba ni tupu, akampa.

"Weka kidole chako cha kiume mbali na triga. Weka huku juu watu wakione. Sasa rudisha koki."

"Nirudishe tu?"

"Au unaogopa?"

Akarudisha. Ta! Akashtuka, nusura aiangushe.

"Kidole cha mwanaume nacho chepesi!" Agness akapiga kelele kutoka kwa wanawake, na wanawake wakalipuka.

"Nimeteleza," Kasiani akasema.

"Teleza tena."

Ta! Na tena. Ta! Jasho likaanza kumtoka chini ya miwani. Mathias, ambaye pipa lake lilikuwa limezibwa kwa sabuni ya mche na bado linadondoka, akasogea karibu, akaangalia, akatikisa kichwa. Hapo Marciana akachukua ndoo, akaimwagia bunduki na suruali ya Kasiani kwa pamoja. Wakangoja, watu wananung'unika.

"Sasa rudisha."

Ikashika. Akairudisha kwa nguvu. Ikashika.

"Ni ngozi," Marciana akasema, na sauti yake ilitoka ngumu kuliko alivyotaka. "Ikikauka inabana mbao, triga inapanda. Ikilowa inalegea. Kidole changu hakijawahi kukosea."

Watu wakaguna. Halafu Kasiani, ambaye hakuwa mtu wa kuzama bila kumvuta mwenzie, akasema, "Ngozi hiyo nani aliivalisha? Si mumewe? Mwenyekiti, hawa ni mtu na mke wake. Mume ametega, mke amebeba. Sasa ndo tuwape bunduki?"

Watu wote wakageuka nyuma. Marciana hakugeuka. Alikuwa ameshajua ni yeye aliyemsogeza mumewe mpaka pale, na hakuwa tayari kuomba msamaha, na hakuwa tayari kumwona anachekwa pia.

Shigela akaja mbele anasukuma watu. Alichomoa kisu kiunoni. Kasiani akarudi nyuma, akakanyaga ndoo.

"Ndiyo, ni mimi!" Shigela akasema. "Nilishona mimi! Na nani aliipapasa akasema Msukuma ana mikono? Mwenyekiti, si wewe? Mathias, si ulinisifu? Kasiani, kile kiti unachokalia kwako mguu wake nani ameufunga? Wote mliiona, wote mlisifu, hakuna hata mmoja aliyesema ngozi na jua havipatani na chuma. Mimi sikujua. Nyinyi mlijua?"

Akainyakua bunduki mikononi mwa Kasiani, akachomeka ncha ya kisu chini ya ngozi, akaipasua kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikafunguka kama ganda la ndizi. Akaitupa miguuni kwa Mzee Kondo.

"Na kama kuna mtu hataki mpini wangu, aulete nyumbani nao niupasue. Leoleo!"

Mzee Kondo aliangalia ile ngozi, akaangalia shemeji yake aliyelowa, akawaangalia wale wanawake waliokuwa wameshaanza kusogea mbele, na ni wao waliokuwa wanalisha nyumba za kijiji kile. Nadhani aliwaza usingizi wake.

"Ijaribiwe kwa risasi," akasema, akaenda kuzitoa kabatini.

Wakaenda nyuma ya ofisi kwenye kichuguu. Jua palepale utosini. Marciana akaweka risasi, akarudisha koki. Kimya. Akangoja. Kimya. Watu wameziba masikio bure. Akaweka kidole, akavuta, na kichuguu kikaruka vumbi.

"Bunduki ibaki kwa Mama Neema," mwenyekiti akasema, anajipangusa vumbi.

"Na radhi?" Marciana akauliza. "Tulikubaliana. Kwa sauti."

Wakaiomba. Wengine kwa sauti ya mbu, Agness kwa sauti ya kipaza sauti ingawa yeye hakuwa amekosa chochote zaidi ya kujifia. Kasiani alisema ana haraka, lori linamsubiri. Mathias akamwambia asipoomba hatasagiwa unga, naye akaomba, akiangalia pembeni.

Njiani kurudi, Marciana alitangulia na bunduki begani, mumewe nyuma kwa umbali wa watu walionuniana. Walipita mashine, wakapita shamba la Agness. Marciana alikuwa ameshinda, na bado alitamani kumpiga mtu, ila hakujua nani.

Karibu na mihogo Shigela akasema kutoka huko nyuma, "Na ile mbao sasa utaifunga na nini?"

"Waya."

"Waya wa wapi?"

"Wa uzio. Nitafunga mimi mwenyewe."

"Utaharibu."

"Niharibu nini? Wewe si umeshaharibu?"

Shigela akatembea kidogo. "Waya ukizungusha vibaya unakata mbao. Lete."

"Sileti."

"Ng'wana Budeba, lete hiyo bunduki."

Marciana akasimama, akageuka, macho mekundu. Akamwangalia mpaka yeye mwenyewe akachoka kumwangalia. Kisha akaishusha begani, akafungua chemba, akahakikisha ni tupu, akampa.

"Funga. Na ukikaza, Baba Neema, ukikaza hata kidogo, nakuvunja mkono."

"Vunja," akasema Shigela, ameshainama kwenye ile mbao anapapasa ufa wake kwa dole gumba. "Utalima na nani?"